Nesi Mgeni Mwanza: Nyumba Ifuate Zamu

Nilishuka stendi ya Nyegezi alfajiri, begi mkononi, bahasha ya vyeti kwapani, na godoro la futi tatu na nusu lililofungwa kwa kamba. Kosa langu lilikuwa godoro. Mtu mwenye godoro hawezi kulala lodge wiki mbili akitafakari. Anatafuta chumba siku hiyo hiyo. Saa nane mchana dalali alikuwa ameshanipeleka Buhongwa, nikalipa kodi ya miezi 6 taslimu pamoja na ya kwake ya mwezi 1, nikatandika godoro langu nikijiona mjanja. Baada ya mwezi na nusu nikapata kazi kwenye hospitali binafsi moja upande wa Uwanja wa Ndege. Anayeijua Mwanza ameshacheka. Buhongwa iko kusini kabisa, Uwanja wa Ndege uko kaskazini kabisa, na zamu ya jioni ilikuwa inaisha saa mbili usiku. Hesabu ya bodaboda ya mwezi wa kwanza sitaitaja hapa.

Mwongozo huu ni wa nesi anayekuja Mwanza bila kazi mkononi. Nimeupanga kwa utaratibu ambao ningeufuata mimi kama ningerudi nyuma.

Hatua ya 1: Maliza karatasi ukiwa bado nyumbani

Mwanza hakuna atakayekusikiliza bila leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Cheti cha chuo peke yake kinaonyesha kwamba ulisoma. Leseni ndiyo inayokuruhusu kumgusa mgonjwa. Kama leseni inakaribia kuisha, ihuishe kabla ya safari, maana mtandao ukikwama au malipo yakichelewa kuonekana, afadhali uwe nyumbani kwenu unakula bure.

Halafu kagua majina. Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Cheti cha kuzaliwa kinasema Neema Yohana, cha kidato cha nne kinasema Neema J. Sanga, kitambulisho cha NIDA kinasema Neema Yohana Sanga. Wewe unajua ni mtu mmoja, lakini afisa utumishi hajui. Nenda kwa wakili ukaape, upate hati ya kiapo au hati ya kubadili jina kadiri itakavyotakiwa, na nakala yake uitembeze pamoja na vyeti.

Fungua akaunti kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ujaze kila kitu mpaka mwisho. Tangazo likitoka huwa na siku chache, na wanaoanza kutafuta namba ya NIDA siku ya mwisho huishia kulaumu mtandao. Matangazo hayo kwa kawaida yanataka mwombaji asizidi miaka 45, nakala zithibitishwe na mwanasheria, na hayapokei karatasi za matokeo ya muda badala ya vyeti halisi. Jua pia jina la ngazi yako serikalini. Mwenye astashahada anaomba Muuguzi, mwenye stashahada anaomba Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada anaomba Afisa Muuguzi. Ukiomba ngazi isiyo yako ukidhani unajiongezea bahati, unajitoa mwenyewe.

Skani kila karatasi, kila moja faili lake, ziweke kwenye simu na kwenye barua pepe. Chapisha seti 10 za nakala huko huko kwenu. Maduka ya fotokopi yako tele mjini Mwanza, ila utakuwa unakimbia jua na foleni.

Sasa kuhusu godoro: liache. Magodoro yanauzwa Mwanza.

Hatua ya 2: Fikia kwa mtu, au lodge ya kawaida, kwa wiki mbili tatu

Ndugu, mtu mliyesoma naye, muumini wa kanisa au msikiti wenu, yeyote mwenye kochi. Kama huna mtu, tafuta lodge ya bei nafuu maeneo ya kati, Kirumba au Mabatini, na muombe mwenye lodge bei ya wiki badala ya bei ya siku. Utaona kama unapoteza hela. Hupotezi, unanunua uhuru wa kutochagua nyumba kabla hujajua utafanya kazi wapi.

Tumia siku mbili za kwanza kuisoma ramani kwa miguu na kwa daladala. Mwanza siyo ngumu ukishaelewa kwamba ziwa na mawe vimeubana mji, kwa hiyo watu wote wanapita kwenye njia chache. Kutoka katikati ya mji, Barabara ya Kenyatta inashuka kusini kupitia Mkuyuni na Butimba hadi Nyegezi, Mkolani na Buhongwa. Barabara ya Nyerere inakwenda mashariki kupitia Mabatini na Nyakato hadi Igoma, na kuendelea Kisesa. Barabara ya Makongoro inakwenda kaskazini, Kirumba, Pasiansi, mpaka Uwanja wa Ndege. Ukishika hizo tatu umeishika Mwanza. Kumbuka pia kuwa kiutawala mji umegawanyika mara mbili, Jiji la Mwanza upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela. Hilo lina maana kwako, kwa sababu ni halmashauri mbili zenye wakurugenzi wawili na waganga wakuu wawili. Barua uliyopeleka huku haijafika kule.

Hatua ya 3: Mzunguko wa bahasha

Hii ndiyo kazi yenyewe, na nitakaa hapa kidogo.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando iko juu ya kilima, utaiona kabla hujauliza. Ilifunguliwa 1971, iko chini ya Kanisa Katoliki kwa ubia na serikali, na inapokea rufaa za Kanda ya Ziwa nzima. Chuo kikuu cha afya kiko hapo hapo, kwa hiyo usishangae kukuta wanafunzi wengi kuliko wafanyakazi kwenye korido. Kila mgeni anaanza Bugando, na ndiyo maana mimi nasema usiishie hapo. Peleka barua, soma ubao wa matangazo, uliza utaratibu wao wa ajira, ushuke kilima uendelee. Chini mjini kuna Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa. Baada ya hapo kuna hospitali za wilaya, vituo vya afya vya kata, hospitali binafsi, za mashirika ya dini, na zahanati ndogo ndogo ambazo hazitangazi kazi popote. Wanaajiri wanayemkumbuka.

Usiende Jumatatu. Jumatatu asubuhi kuna vikao, kuna wagonjwa waliosubiri tangu Ijumaa, kila mtu ana haraka. Nenda Jumanne hadi Alhamisi, kuanzia saa nne, raundi ya madaktari ikiwa imepungua moto. Vaa kwa heshima, viatu vya kufunga vya kutembelea, kucha fupi. Metroni, yaani muuguzi mkuu, ataangalia kucha zako kabla ya cheti chako, nakuhakikishia.

Barua inaandikwa kwa Mganga Mfawidhi, yaani daktari anayeongoza hospitali, lakini mlango wako ni ofisi ya muuguzi mkuu. Pita hapo kwanza, hata kama barua unaiacha masijala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni muuguzi wa stashahada, mgeni hapa Mwanza. Nimeleta barua kwa Mganga Mfawidhi, nikaona si vizuri kuondoka bila kuwaamkia."

Maneno hayo machache yalinifungulia milango zaidi ya wasifu wangu wa kurasa tatu. Usianze kwa "kuna nafasi?", kwa sababu jibu lake rahisi ni "hakuna".

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Kichwa: YAH: KUOMBA NAFASI YA KAZI YA AFISA MUUGUZI MSAIDIZI. Kisha kitu cha namna hii:

"Mimi ni muuguzi mwenye stashahada na leseni hai ya Baraza. Nimefanya kazi wodi ya wazazi kwa mwaka mmoja. Ninaishi Mwanza na niko tayari kwa zamu zote, usiku ukiwemo. Naambatanisha nakala za vyeti, leseni na kitambulisho."

Sentensi ya zamu za usiku usiiache kama kweli unaweza. Hospitali nyingi binafsi shida yao haiko mchana.

Weka daftari. Andika umepeleka wapi, tarehe, nani alipokea, alisema nini. Baada ya siku 10 rudi au piga simu. Namba uliyoandika kwenye barua ndiyo iwe hewani. Nina rafiki aliyebadilisha laini kwa ajili ya bando la bei nafuu, akatafutwa siku tatu hapatikani, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Na yeyote atakayekwambia "toa kidogo nikuingizie jina" muage hapo hapo. Sekretarieti ya Ajira haitozi hela ya kuomba kazi. Kuna mtu alinipigia akijiita wa utumishi, anajua jina langu na chuo changu, anataka atumiwe hela ya fomu. Vyeti vyangu vilikuwa vimezagaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya kutafuta kazi. Huko ndiko alikonipata. Usirushe vyeti kwenye magrupu.

Hatua ya 4: Usaili

Kwa serikali utaandika mtihani wa mchujo kwanza, ukipita ndipo mahojiano. Kwa binafsi mara nyingi unakaa mbele ya daktari na metroni, wanakuuliza mambo ya wodini. Jiandae kwa mambo ya kanda hii. Huku malaria kali ya watoto ni jambo la kila wiki, na watoto wenye selimundu (sickle cell) utawakuta wengi. Niliulizwa dozi ya artesunate ya sindano kwa mtoto wa kilo 14. Chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo miligramu 42. Kuanzia kilo 20 ni 2.4 kwa kilo. Dozi ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ya kwanza. Nikaulizwa dripu ya mililita 1,000 iishe kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. Zidisha 1,000 kwa 20, gawa kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Niliulizwa pia oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, baada ya mtoto kutoka: uniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika 1, baada ya kuhakikisha hakuna pacha.

Haya kila nesi aliyasoma. Tofauti ni kuyasema bila kigugumizi ukiwa umetoka kupanda kilima kwa miguu.

Hatua ya 5: Kujitolea, kwa masharti

Watakwambia, "Nafasi hakuna, ila unaweza kujitolea." Mimi siyo wa kusema kataa. Kujitolea kumewapatia wengi kazi, kwa sababu halmashauri au hospitali ikipata fungu la mikataba inaanza na sura inayozifahamu. Lakini usijitolee kienyeji. Omba barua yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, uliza kama kuna posho ya nauli na chakula, na kubaliana zamu ngapi kwa wiki ili zibaki siku za kuzungusha bahasha. Miezi 3 inatosha kuonekana. Ukifika mwezi wa 6 bado unaambiwa "subiri kidogo", unafahamu unachofanyiwa.

Usikubali kufanya kazi mahali pasipo na usajili, wala kuchoma sindano majumbani kwa sababu jirani amekuomba. Mwanza nayo ina mitaa inayompenda sana "dokta wa mtaani". Likitokea la kutokea, anayesimama mbele ya Baraza ni wewe, jirani hayupo. Duka la dawa muhimu nalo lina mafunzo na usajili wake wa Baraza la Famasi. Usiuze pale kwa leseni ya unesi peke yake.

Na mjini kukiwa kugumu, vuka. Sengerema, Misungwi, Magu, Kwimba na Ukerewe zote zina hospitali na vituo, na waombaji wanaojitokeza huko ni wachache kuliko mjini. Kwenda upande wa Sengerema kuna kivuko cha Kamanga kinachoondokea karibu na Jiwe la Bismarck, na tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi limefuta ile foleni ya kusubiri kivuko ambayo wazee wetu waliizeekea. Ukerewe ni safari ya majini hadi Nansio. Kama unaogopa maji sema mapema, usikubali kazi ya kisiwani halafu ukae kila likizo unalia gatini.

Hatua ya 6: Soma mkataba ukiwa umekaa

Siku ya kuitwa utakuwa na furaha, na furaha ni mshauri mbaya wa mikataba. Omba kwenda nao nyumbani usiku mmoja. Angalia haya: mshahara wa msingi umeandikwa au ni "posho" tupu, saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ni siku 28, saa za usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza ya angalau 5% ya mshahara wa msingi. Kwa sekta binafsi, mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jumla ni 20% ya mshahara, na mwajiri hawezi kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Baada ya miezi miwili ulizia salio lako mwenyewe NSSF. Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa ananikata kila mwezi, hati ya mshahara ikaonyesha vizuri kabisa, na kule NSSF hakuna hata shilingi. Nilipouliza kwa adabu nikiwa na karatasi mkononi, zililetwa zote.

Hatua ya 7: Sasa tafuta nyumba

Una kituo cha kazi, una ratiba ya zamu. Chora mstari kutoka kazini na utafute kwenye barabara hiyo hiyo. Ukiwa Bugando au Sekou Toure, mitaa ya Igogo, Pamba na Mabatini unaweza kutembea. Ukiwa upande wa kaskazini tafuta Kitangiri, Pasiansi, Nyamanoro. Ukiwa Butimba, tafuta Mkuyuni hadi Nyegezi. Capri Point pita ukipunga upepo, kodi yake waachie wenyewe.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio moja: nenda kwenye hicho chumba saa tatu usiku ukitokea kazini, kwa usafiri utakaoutumia. Hesabu dakika, hesabu nauli, angalia taa za njia, angalia watu waliokaa kwenye kona. Chumba kinachopendeza saa nane mchana kinaweza kuwa na ngazi 100 za mawe gizani.

Mawe ndiyo Mwanza yenyewe. Nyumba za mlimani zina kodi nafuu na ziwa lote liko miguuni pako, ila ukweli wa mlima unauonea kwenye ndoo. Uliza jirani, usimuulize dalali: maji ya bomba yanapanda huku siku gani? Kama jibu ni kucheka, ongeza gharama ya wabeba maji kwenye kodi. Uliza kama LUKU ni ya kwako au mnachangia. Uliza choo ni cha ndani au cha wote, maana ukitoka zamu ya usiku unataka kulala mchana, na ua wenye vyoo vya wote hauna mchana wa kimya. Kodi ya miezi 3 inajadilika mahali pengi hata pale wanaposema 6. Jitambulishe kuwa nesi wa hospitali fulani, wenye nyumba wanawapenda manesi. Watakugongea usiku mtoto akichemka, hiyo ndiyo sehemu ya bei.

Wiki ya kwanza jitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Barua yao ya utambulisho utaihitaji benki na kwenye fomu za wadhamini.

Hatua ya 8: Ziwa na watu wake

Usiogelee ufukweni penye majani, hata watoto wakikuita. Kichocho cha matumbo kipo mwambao wote, minyoo yake inatoka kwa konokono na kupita kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Ukishagusa maji hayo mara kwa mara kwa sababu yoyote, pima. Neti tandika usiku wa kwanza.

Chakula ni sehemu rahisi. Sato wa kukaanga kwa ugali ni mlo wa kila mgahawa. Dagaa nunua Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Na siku hela imekata kuna mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu, mchuzi wake hauna dharau. Nilitoka Makete nikidhani samaki ni kitu cha sikukuu.

Wagonjwa wengi watatoka vijijini Usukumani, na wapo mabibi wasiojua Kiswahili vizuri. Jifunze Kisukuma kidogo kidogo. Asubuhi sema "mwangaluka", mchana na jioni "mwadila", akikushukuru utasikia "wabeja". Mwanamke mtu mzima mwite "mayu". Mara ya kwanza nilipomsalimia bibi mmoja "mwangaluka, mayu" wodini, alicheka mpaka akashika mshono, kisha akaniambia mbele ya mkwewe kwamba dawa alizopewa jana hajanywa, ziko chini ya godoro.